Fadhili William

Fadhili William Mdawida (3 Novemba 1938 – 11 Februari 2001) alikuwa mwanamuziki, mpiga gitaa na mwimbaji kutoka nchini Kenya. Anafahamika zaidi kwa kuwa mtu wa kwanza kurekodi wimbo wa mapenzi wa Malaika. Aliurekodi akiwa na bendi ya Jambo Boys karibu na mwaka 1960, na baadaye akaurekodi upya akiwa na kundi la Black Shadows katika studio za Equator Sound mjini Nairobi.

Wimbo huo, unaohusu kijana aliyeshindwa kumwoa mpenzi wake kwa kukosa mali, ni miongoni mwa nyimbo za Kiswahili zinazojulikana zaidi duniani. Ulienea hasa baada ya kuimbwa kwa sauti mbili, ya mwanamke na ya mwanamume, na Miriam Makeba wa Afrika Kusini na Harry Belafonte wa Marekani mwaka 1965. Swali la nani hasa aliutunga limezua ubishi wa miaka mingi kati ya Kenya na Tanzania, na ubishi huo ulimfuata Fadhili William hadi mwisho wa maisha yake.

Maisha ya awali

Fadhili William alizaliwa katika eneo la Taita-Taveta, kusini-mashariki mwa Kenya, wakati nchi hiyo ikiwa koloni la Uingereza. Jina lake la Mdawida linatokana na jina ambalo Wataita hujiita wenyewe, yaani Wadawida, na lugha yao huitwa Kidawida. Makao yao ya asili ni vilima vya Dawida, Sagalla na Kasigau, vinavyoinuka juu ya nyika kavu kati ya Mombasa na Nairobi.

Reli ya kutoka Mombasa kwenda bara hupita Voi, chini ya vilima hivyo, na tawi lake la kuelekea Taveta na Moshi lilijengwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kwa sababu hiyo Wataita walikuwa kati ya watu wa kwanza wa bara la Kenya kuzoea safari za kwenda kutafuta kazi na elimu mijini. Walikuwa pia jirani wa karibu wa Waswahili wa pwani, na wengi wao walikua wakisema Kiswahili pamoja na lugha ya nyumbani.

Fadhili William alianza muziki akiwa bado kijana. Kama wanamuziki wengi wa rika lake, alijenga jina lake Nairobi, mji ambao katika miaka ya 1950 ulikuwa kitovu cha kurekodi santuri kwa Afrika Mashariki yote.

Muziki wa Nairobi katika ujana wake

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, askari wengi wa kikosi cha King's African Rifles walirudi nyumbani wakiwa wamesikia gitaa, akodioni na nyimbo za dansi za nchi mbalimbali. Miongoni mwao alikuwa Fundi Konde, mzaliwa wa pwani ya Kenya, aliyewahi kutumbuiza askari wakati wa vita na ambaye baadaye akawa mmoja wa waimbaji wakubwa wa Kiswahili. Yeye na wenzake walionyesha kwamba wimbo wa Kiswahili wenye gitaa na mashairi mafupi unaweza kupendwa na watu wa makabila yote.

Katika miaka hiyo kampuni kadhaa zilifungua studio Nairobi. Mwanamuziki aliitwa studio, akarekodi nyimbo mbili za kujaza pande mbili za santuri, akalipwa, akaenda zake. Santuri hizo ziliuzwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na nyingine zilifika hadi Kongo. Redio ilizipeleka mbali zaidi, kwa kuwa aliyeshindwa kununua gramafoni aliweza kusikiliza wimbo kwa jirani au dukani.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 wapiga gitaa wa Katanga, hasa Jean-Bosco Mwenda na Edouard Masengo, walifika Nairobi na kupata wasikilizaji wengi. Upigaji wao wa vidole, ambamo gitaa moja hutoa sauti ya besi na ya juu kwa pamoja, uliigwa na vijana wengi wa mjini. Katika mitaa ya Waafrika kama Pumwani na Kaloleni, kumbi za jamii zilitumika kwa dansi mwishoni mwa wiki.

Haya yote yalitokea wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni mwaka 1952 kwa ajili ya kupambana na Mau Mau, na ambayo ilidumu hadi mwaka 1960. Fadhili William alianza kazi yake ya muziki katika mazingira hayo.

Jambo Boys na Equator Sound

Bendi ya kwanza iliyomtambulisha Fadhili William ilikuwa Jambo Boys. Akiwa nayo alirekodi Malaika kwa mara ya kwanza. Rekodi hiyo ndiyo ya zamani zaidi ya wimbo huo inayojulikana, na ndiyo msingi mkuu wa madai yake ya kuwa mtunzi.

Baadaye alijiunga na studio za Equator Sound, zilizoendeshwa na Mwingereza Charles Worrod. Worrod alikuwa na mpango tofauti na kampuni nyingi za wakati huo. Badala ya kumwita mwanamuziki kwa siku moja, aliajiri wanamuziki wa kudumu ambao walikuja kazini kila siku kama wafanyakazi wengine. Waliunda bendi ya studio iliyoitwa Equator Sound Band, na Fadhili William ndiye aliyekuwa kiongozi wake.

Bendi hiyo ilikusanya vipaji kutoka nchi mbalimbali. Walikuwemo Daudi Kabaka, Gabriel Omolo na Sylvester Odhiambo wa Kenya, pamoja na Nashil Pichen na Peter Tsotsi waliotoka Zambia. Mwanamuziki mmoja aliweza kuimba wimbo wake asubuhi, kisha mchana akapiga gitaa katika wimbo wa mwenzake. Kwa hiyo majina yaliyoandikwa kwenye santuri yalibadilika kila mara ingawa wapigaji walikuwa karibu wale wale.

Mtindo uliowapatia umaarufu zaidi ulikuwa twist ya Kiafrika, muziki wa kuchangamka uliochanganya gitaa la Kongo, mdundo wa kwela wa kusini mwa Afrika na dansi ya twist iliyotoka Marekani. Wimbo wa Helule Helule wa Daudi Kabaka ulirekodiwa upya na kundi la The Tremeloes la Uingereza mwaka 1968. Fadhili William mwenyewe aliimba nyimbo za aina hiyo pia, ukiwemo Taxi Driver.

Katika studio hizo ndipo Malaika ulirekodiwa upya, safari hii akiwa na Black Shadows. Toleo hilo lina mwendo wa polepole, magitaa ya umeme yanayopigwa kwa utulivu, na sauti laini isiyopazwa. Hilo ndilo toleo la Fadhili William ambalo wasikilizaji wengi wanalijua.

Wimbo wa Malaika

Malaika ni wimbo mfupi wa beti tatu. Anayeimba ni kijana anayemwambia msichana kwamba anampenda, lakini hana mali ya kumwolea. Katika ubeti wa kwanza anamwita malaika. Ubeti mwingine unaeleza jinsi fedha inavyomsumbua roho, na katika mwingine anamwita kidege na kusema anavyomwota. Hakuna mtu anayelaumiwa kwa jina. Wazazi hawatajwi, wala mume mwingine, wala ugomvi. Msikilizaji anaelewa tu kwamba mapenzi yapo na ndoa haipo.

Kwa mujibu wa maelezo ambayo Fadhili William aliyashikilia, wimbo huo ulitokana na mapenzi yake ya ujana kwa msichana ambaye hakuweza kumwoa kwa kukosa mahari. Hadithi ya aina hiyo ilieleweka kwa urahisi katika Afrika Mashariki. Desturi ya mahari inajulikana karibu kila mahali, kuanzia pwani ya Kenya hadi wilaya za Ngara na Biharamulo katika mkoa wa Kagera, ingawa kiasi na aina ya mali hutofautiana. Katika miaka ya 1950 mishahara ya mjini ilikuwa midogo, na katika sehemu nyingi mahari ilikuwa imeanza kudaiwa kwa fedha taslimu. Kijana asiye na mifugo wala kazi nzuri aliweza kumpoteza mchumba kwa mtu mwenye uwezo. Kwa hiyo wimbo ulimhusu mtu mmoja, lakini ulisema shida ya kizazi kizima cha vijana waliohamia mjini.

Sehemu ya nguvu ya wimbo imo katika sarufi yake. Kiswahili hakina viwakilishi tofauti vya mwanamume na mwanamke, hivyo sehemu kubwa ya maneno ya wimbo yanaweza kusemwa na yeyote. Kitu kimoja kinachoonyesha kwamba msemaji ni mwanamume ni kitenzi cha kuoa, kwa kuwa kwa Kiswahili mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Kitenzi hicho kimewekwa pamoja na kiambishi -nge-, ambacho hutumika kwa jambo lisilokuwepo, linalotegemea sharti ambalo halijatimia. Kwa silabi hiyo moja tu, msikilizaji anajua kwamba ndoa haitakuwepo.

Neno lingine linalotazamwa sana limo katika ubeti wa kidege. Fadhili William huimba nakuwaza, yaani msemaji yumo katika kumfikiria mpenzi wake. Katika matoleo mengine ya wimbo neno hilo husikika kama hukuwaza. Neno hili lina maana mbili. Laweza kueleza mazoea, kwamba mtu humfikiria mwenzake siku zote. Laweza pia kuwa lawama, kwamba mpenzi yule hakufikiri. Tofauti ya silabi moja inatosha kumgeuza anayeimba kutoka mtu anayesubiri kuwa mtu aliyeachwa.

Wimbo wa sauti mbili

Nje ya Afrika Mashariki, Malaika ulipata umaarufu kupitia Miriam Makeba. Mwimbaji huyo wa Afrika Kusini alikuwa akiishi uhamishoni Marekani, kwa kuwa serikali ya ubaguzi wa rangi ilimzuia kurudi kwao mwaka 1960. Katika miaka ya mwanzo ya uhuru wa Afrika alialikwa kuimba katika nchi nyingi za bara hilo, na Malaika ukawa mmoja wa nyimbo alizozirudia mara nyingi jukwaani. Lugha yake ya kuzaliwa haikuwa Kiswahili, na wazungumzaji wa Kiswahili wameona makosa madogo ya matamshi katika uimbaji wake. Waimbaji wengine waliojifunza wimbo kutoka kwake waliyarudia makosa hayo hayo.

Mwaka 1965 Makeba na Harry Belafonte walitoa albamu ya pamoja, An Evening with Belafonte/Makeba, chini ya kampuni ya RCA Victor. Nyimbo nyingi za albamu hiyo huimbwa na mmoja wao peke yake, na zipo kwa lugha za Afrika Kusini kama Kizulu na Kixhosa. Malaika, ulioandikwa humo kwa jina la My Angel, ni kati ya nyimbo chache ambazo wawili hao wanaziimba pamoja. Albamu ilipata tuzo ya Grammy ya rekodi bora ya muziki wa asili mwaka 1966.

Kuimbwa kwa sauti mbili kulibadilisha hisia ya wimbo bila kubadilisha mashairi. Katika rekodi ya Fadhili William, mwanamume yuko peke yake na mwanamke hasikiki. Anaitwa malaika na kidege, lakini hajibu. Katika toleo la Makeba na Belafonte, mwanamke naye ana sauti, na anaimba maneno yale yale, pamoja na kitenzi cha kuoa ambacho kwa kawaida si cha mwanamke. Msikilizaji anapata picha ya watu wawili waliopendana na kutengana, kila mmoja akiomboleza upande wake, na hakuna aliyemwacha mwenzake kwa hiari. Wimbo wa kijana mmoja wa Nairobi ukawa wimbo wa wapenzi wa zamani.

Tangu hapo Malaika umeimbwa na wanamuziki wa nchi nyingi. Kundi la Hep Stars la Uswidi, ambalo mpiga kinanda wake Benny Andersson baadaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa ABBA, liliurekodi mwaka 1967. Boney M. la Ujerumani lilitoa toleo lake mwaka 1981. Angélique Kidjo wa Benin aliuweka katika albamu yake ya Logozo ya mwaka 1991. Usha Uthup wa Uhindi ameuimba pia, na huko pwani ya Kenya Safari Sound Band waliupiga kwa ajili ya watalii wa hoteli za Mombasa. Katika sherehe za harusi za Afrika Mashariki wimbo huu hupigwa mara kwa mara, ingawa maneno yake yanahusu harusi ambayo haikufanyika.

Ubishi kuhusu mtunzi

Fadhili William alidai maisha yake yote kwamba ndiye mtunzi wa Malaika. Yeye ndiye wa kwanza kuurekodi na ndiye aliyetambuliwa rasmi kama mwenye haki ya utunzi, hivyo mapato ya mtunzi yalipaswa kwenda kwake. Hata hivyo wapo watu wengine waliotajwa kuwa watunzi.

Anayetajwa zaidi ni Adam Salim wa Tanzania, aliyezaliwa mwaka 1916. Kwa mujibu wa maelezo yake, aliutunga wimbo huo alipokuwa akiishi Nairobi kati ya mwaka 1945 na 1946, kwa ajili ya msichana aliyempenda. Wazazi hawakukubali uhusiano huo, na msichana akaozwa kwa mtu mwenye mali. Watanzania wengi wanakubali maelezo haya. Kama ni sahihi, Fadhili William alikuwa mtoto wa miaka saba tu wakati wimbo ulipotungwa, na aliupokea kutoka kwa wengine.

Huko pwani ya Kenya hutajwa Lucas Tututu wa Mombasa. Wapo pia wanaoona kwamba Malaika ulikuwa wimbo uliozunguka katika dansi na harusi za pwani kabla ya mtu yeyote kuuingiza studio, na kwamba kila aliyeuimba aliongeza chake.

Jambo la kuzingatia ni kwamba hadithi za Fadhili William na Adam Salim zinafanana sana. Katika zote mbili yupo kijana asiye na mali, msichana anayempenda, na ndoa iliyozuiwa. Kufanana huku hakuthibitishi upande wowote. Kunaonyesha tu kwamba jambo linaloimbwa lilikuwa la kawaida, na kwamba zaidi ya mtu mmoja aliweza kuliona kuwa ni maisha yake.

Ugumu wa kumaliza ubishi huo unatokana na jinsi nyimbo zilivyotungwa na kuhifadhiwa wakati ule. Watunzi wengi hawakuandika muziki wala maneno kwenye karatasi. Wimbo uliishi kwenye kumbukumbu, ukafundishwa kwa kusikiliza, na ukabadilika kila ulipopigwa. Kisheria, haki ya utunzi ni ya aliyetunga na si ya aliyerekodi kwanza. Lakini pale ambapo hakuna maandishi, santuri yenye jina la mtu huwa ushahidi wenye nguvu kuliko kumbukumbu za watu. Fadhili William alikuwa na santuri hiyo. Adam Salim hakuwa nayo.

Haki na mapato

Pamoja na kutambuliwa kama mtunzi, Fadhili William hakuwa tajiri. Sababu zake zinahusu mfumo mzima wa muziki wa wakati huo. Mwanamuziki wa Nairobi wa miaka ya 1950 na 1960 mara nyingi alilipwa kiasi fulani cha fedha kwa kurekodi, na hakufuatilia kilichotokea baada ya hapo. Mikataba iliandikwa kwa Kiingereza. Kampuni iliyochapisha santuri ndiyo iliyowasiliana na kampuni za nje, na fedha zilipita mikono kadhaa kabla ya kumfikia mtunzi, kama zilimfikia.

Kenya ilipata sheria yake ya hakimiliki mwaka 1966, miaka kadhaa baada ya Malaika kurekodiwa na mwaka mmoja baada ya albamu ya Makeba na Belafonte kutoka. Chama cha Hakimiliki za Muziki cha Kenya, cha kukusanya mapato kwa niaba ya watunzi, kilianzishwa mwaka 1983. Tanzania ilitunga sheria ya hakimiliki na hakishiriki mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyounda Chama cha Hakimiliki Tanzania, COSOTA. Kwa hiyo katika miaka ambayo Malaika ulienea zaidi duniani, hapakuwa na chombo cha nyumbani chenye nguvu ya kufuatilia mapato yake.

Mfano wa karibu ni ule wa Solomon Linda wa Afrika Kusini, aliyerekodi wimbo wa Mbube mwaka 1939. Linda aliuza haki zake kwa fedha kidogo na akafariki maskini mwaka 1962, wakati wimbo wake, ukiwa umepewa jina la The Lion Sleeps Tonight, ulikuwa umepata umaarufu mkubwa Marekani. Warithi wake walifikia makubaliano ya malipo mwaka 2006 tu.

Tofauti ilionekana kwa kizazi kilichofuata. Wimbo wa Jambo Bwana wa Them Mushrooms wa Mombasa, uliotolewa mwaka 1982, nao uliimbwa na Boney M. na wengine. Lakini bendi hiyo na mtunzi wake Teddy Kalanda Harrison wanajulikana, na hakuna ubishi mkubwa kuhusu asili yake.

Maisha ya baadaye na kifo

Mwaka 1983 Fadhili William alihamia Marekani, akaishi katika jimbo la New Jersey. Alikaa huko karibu miaka 15. Katika kipindi hicho muziki wa Kenya ulikuwa umebadilika. Benga ilikuwa imeshika nafasi ya twist, bendi za Kongo na Tanzania zilikuwa zimejaza kumbi za Nairobi, na wanamuziki wa enzi ya Equator Sound walikuwa wamezeeka au wametawanyika.

Alirudi Kenya mwaka 1997. Alipokewa kama mzee wa muziki, na vyombo vya habari vilimkumbusha kila mara kuhusu Malaika. Maswali mengi yalirudi kwenye jambo lile lile, kama ni kweli aliutunga na kama aliwahi kulipwa inavyostahili. Aliendelea kushikilia kwamba wimbo ni wake.

Fadhili William alifariki Nairobi tarehe 11 Februari 2001, akiwa na umri wa miaka 62. Daudi Kabaka, mwenzake wa siku za Equator Sound, alifariki mwaka huo huo. Vifo vyao vilifunga sura moja ya historia ya muziki wa Kenya, ile ya wanamuziki waliofanya kazi studio wakati nchi ikivuka kutoka ukoloni kwenda uhuru.

Urithi

Kazi ya Fadhili William hukumbukwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kama kiongozi wa Equator Sound Band, kundi lililosaidia kujenga muziki wa dansi wa Kenya kabla ya benga. Nafasi hiyo hutajwa mara chache, kwa kuwa imefunikwa na umaarufu wa wimbo mmoja.

Njia ya pili ni Malaika wenyewe. Hata wale wanaoamini kwamba ulitungwa na mtu mwingine hukubali kwamba sauti yake ndiyo iliyoutoa katika kumbi na mitaa na kuufikisha kwenye santuri. Bila rekodi hiyo, Makeba na Belafonte huenda wasingekuwa na wimbo wa kuimba pamoja. Kwa watu wengi wasiojua Kiswahili, maneno ya wimbo huo ndiyo ya kwanza ya lugha hiyo kuyatamka.

Wimbo unaolalamikia kukosa mali umekuwa mali yenye thamani kubwa, na watu waliodai kuutunga hawakunufaika nao sana. Kwa sababu hiyo maisha ya Fadhili William hutajwa mara nyingi wanamuziki wa Afrika Mashariki wanapojadili umuhimu wa kusajili kazi zao, kusoma mikataba na kuweka kumbukumbu za nani alitunga nini na lini.